Mahindi matamu Kabale: nisie kwenye trei au nipande moja kwa moja?

Afande_Mstaafu
Habari zenu wakulima. Niko nje kidogo ya mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, nimestaafu jeshi, nina robo ekari mteremkoni. Msimu wa Machi nilijaribu mahindi matamu, si haya ya posho (ugali), ni yale laini ya kuchemsha ambayo hoteli zinayataka. Niliziloweka mbegu siku mbili ili ziwahi, nikasia 200 kwenye trei. Zikaota 60 hivi. Nyingine nilipozifukua nilikuta uji. Halafu mvua ikachelewa, miche ikakaa kwenye trei wiki tano. Nikaing'oa na kuipanda mstari mmoja kando ya ua. Haikunifika kiunoni, ikatoa mbelewele, yale maua ya juu! Mahindi yenyewe urefu wa kidole, yana mapengo kama kinywa cha babu, na punje chache zilizojaa hazina utamu wowote. Mama watoto alionja moja akasema niwape kuku.

Sasa mvua za Septemba zinakaribia na nimeshanunua pakiti nyingine. Nisie tena au niache trei? Na mche utolewe ukiwa na umri gani?

MamaWaBombo
Pole afande. Kosa la kwanza ni hilo la kuloweka. Itazame mbegu yenyewe: imejikunja kama zabibu kavu, maana ndani haina wanga mwingi kama mbegu ya posho. Akiba yake ni ndogo. Ikikaa majini, au kwenye udongo baridi uliolowa, inaoza kabla ya kuchipua. Na kama imepakwa dawa ya rangi, ndiyo kabisa usiiloweke. Sia kavu, kina cha sentimita mbili na nusu, mwagilia mara moja kisha uiache mpaka uone udongo wa juu umekauka.

Kijana_Mukono
Trei za nini? Mimi natia mbegu mbili kila shimo, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, baadaye napunguza libaki moja. Ndani ya wiki zimetoka. Mhindi haupendi mizizi iguswe.

Afande_Mstaafu
Mdogo wangu, Mukono kwenu mnalala bila blanketi. Huku tuko karibu mita 2,000 juu, asubuhi nachota maji ya kunawa naona vidole vinakufa ganzi.

Shamba_Kasese
Afande, Kijana hajakosea, ila anasema ya kwao. Mahindi matamu yanataka udongo wenye joto la nyuzi 16 na kuendelea, na yale matamu zaidi yanataka hata kuzidi hapo. Kwa hiyo kwako trei zina maana. Kilichokuangusha ni wiki tano. Mhindi si nyanya wala kabichi, hauvumilii kufungiwa. Mzizi ukigonga chini ukaanza kujizungusha, mmea unaona maisha ni mafupi, unakimbilia kuchanua ukiwa bado mdogo. Ndiyo mbelewele uliyoiona.

Mche uhamishie shambani ukiwa na majani mawili au matatu, yaani siku 12 hadi 16 tangu usie, na huko kwenye baridi labda 20. Usivuke wiki tatu. Usiung'oe, utoe na donge lake la udongo, jioni, shimo likiwa limeshalowa. Siku nne kabla, uanze kuuweka nje mchana uzoee jua na upepo. Usiku trei ziegemeze ukuta wa jiko upande wa moto, nailoni nyeupe juu.

Mvua ikichelewa, mwagilia mashimo kwa ndoo na upande hivyo hivyo. Miche 200 ni safari chache za mtoni.

MamaWaBombo
Na hayo mapengo? Ni mstari mmoja huo. Kila uzi wa ndevu za mhindi ni punje moja, na uzi usiopata chavua, ule unga wa mbelewele, punje yake haipo. Chavua huja na upepo. Ukipanda mstari mmoja inapita zake kwa jirani. Panda kwa mraba, mistari minne au zaidi, hata kama ni mifupi.

Afande_Mstaafu
Nimeelewa. Lakini zile zilizojaa, mbona hazikuwa tamu? Pakiti ilisema tamu.

Shamba_Kasese
Jirani yako alipanda nini?

Afande_Mstaafu
Mahindi ya posho. Ua ndio unatutenganisha.

Shamba_Kasese
Basi ndiyo hiyo. Chavua ya posho ikiangukia ndevu za tamu, punje inageuka ya wanga msimu huo huo, haisubiri kizazi. Ungehitaji umbali wa mita 250 hivi, na kwa robo ekari huna. Unachoweza ni kupishanisha maua angalau wiki mbili, na hapo trei zinakusaidia kuliko hata kwenye baridi. Sia wiki mbili kabla ya siku anayopanda yeye. Siku anatia mbegu ardhini, wewe unatoa miche. Mahindi matamu mengi huwahi kuchanua kuliko ya posho, kwa hiyo utakuwa umemaliza ndevu kabla mbelewele zake hazijafunguka. Soma pakiti uone siku za aina yako.

Kijana_Mukono
Hili la jirani sikulijua, nakiri. Nyongeza: chungulia katikati ya majani mara mbili kwa wiki. Viwavijeshi vamizi wanapenda mche laini. Mimi huwaponda kwa vidole, na wengine hutia majivu kidogo humo humo katikati ya majani.

MamaWaBombo
Na uvune mapema, siku 20 hivi baada ya ndevu kutoka, zaidi kidogo kwa baridi yenu. Ndevu zikikauka rangi ya kahawia, bonyeza punje kwa ukucha: itoe maziwa. Vuna alfajiri na upeleke hotelini asubuhi hiyo hiyo, yakilala utamu unaondoka.

Afande_Mstaafu
Asanteni sana. Jirani husubiri mvua ya pili ndipo apande, haiamini ya kwanza. Kesho nitamuuliza tarehe, ingawa atadhani nataka mashindano. Trei zangu ni fupi, kidole kimoja tu. Nina vikopo vya mtindi tele, vinafaa?

Shamba_Kasese
Vinafaa kuliko trei. Toboa chini, mbegu moja kila kikopo.