Ubabe barabarani: umewahi kukutana na dereva mkorofi? Ulimalizana naye vipi? Tupeane uzoefu

Wakuu heshima mbele. Naomba tupeane uzoefu kuhusu hawa madereva wenye hasira, maana kwa hizi foleni za Dar kila jioni unaona watu wazima wanashuka kwenye magari wanakunjana mashati katikati ya barabara kisa saiti mira. Nataka visa vilivyokukuta wewe mwenyewe, siyo vya kusikia, na useme ulifanya nini mpaka ukatoka salama.

Naanza mimi. Ni Morogoro Road, natoka mjini narudi Mbezi. Pale Ubungo daraja la Kijazi limesaidia tangu 2021 ila ukishashuka kuelekea Kimara saa kumi na mbili jioni habari ni ile ile, watu wanatanua kushoto huko, bodaboda zinapita katikati, kila mtu kanuna. Nyuma yangu kuna Harrier nyeusi ananipigia fulu na honi mfululizo nimpishe, sasa nimpishe niende wapi, mbele lori, pembeni daladala. Foleni ilivyochangamka kidogo akatanua kushoto, akanichomekea, akakanyaga breki makusudi kabisa ili nimgonge. Bahati nilishaacha nafasi. Akashuka, jamaa kavaa vizuri tu, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, akaja anagonga kioo changu kwa pete anatukana mpaka wazazi. Nilichofanya, nilipandisha vioo, nikaloki milango, gari sikuzima, mikono nikaiweka juu ya usukani aione na macho nikayaweka mbele. Sikumjibu hata neno. Kioo kilikuwa kinalia ko ko ko sikioni kabisa. Foleni ikasogea, waliokuwa nyuma wakaanza kumpigia yeye honi, akarudi kwenye gari lake akaondoka. Mi nikaingia sheli iliyokuwa jirani nikakaa mpaka mikono ikaacha kutetemeka ndo nikaendelea na safari.

Msimamo wangu ni mmoja tu, USISHUKE. Ukibaki ndani ana kioo cha kugombana nacho, ukishuka ana wewe, na hujui kiunoni kabeba nini. Haya karibuni.

---
Dada wa Tabata

Asante kaka kwa hii mada. Sisi wanawake tunapitia makubwa, akishaona tu ni mwanamke anakuchomekea hata kama nafasi haipo, na konda anatoa kichwa dirishani anakwambia rudi jikoni. Matusi nimeshazoea. Kisa kilichonitisha ni cha jamaa wa gari dogo ambaye nilikataa asinichomekee pale Relini, akaanza kunifuata. Nikikunja anakunja, nikipunguza anapunguza. Nilikuwa nimebakiza kama mitaa miwili nifike kwangu, nikajiambia huyu nikimpeleka getini ameshajua ninapolala. Nikapitiliza, nikampigia kaka yangu nikaweka spika, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi nikaegesha mbele ya kaunta kabisa. Alivyoona bendera akageuza. Askari alinisikiliza vizuri, akaandika namba ya gari, nikasubiri hapo mpaka kaka alipokuja kunichukua. Dada zangu, ukifuatwa usiende nyumbani. Nenda polisi au sheli yenye watu.

---
Dereva daladala, Gongo la Mboto

Ngoja na mimi niseme maana najua sisi ndo tunasemwa hapa. Sikatai, tunachomekea. Lakini mtu wa gari binafsi hajui kwamba mi nimeamka saa kumi alfajiri na bosi anataka hesabu yake kamili jioni, hataki kusikia kulikuwa na foleni Tazara au mvua imenyesha barabara imejaa maji. Hapo toa mafuta, toa ya konda, trafiki akikuandikia ni elfu 30 imeenda, kinachobaki ndo changu na watoto. Kwa hiyo ukichelewa tripu moja ya asubuhi siku nzima unaikimbiza. Hasira nyingi unazoziona kwa daladala zinaanzia kwenye hesabu, na kama tungekuwa na mshahara wa mwezi naamini nusu ya vurugu hizi zisingekuwepo.

Sasa kisa. Nyerere Road, nilitoka kituoni nikamziba mzee mmoja. Akanipita, akaweka gari lake kukingamiza mbele yangu, akaja mpaka mlangoni kwangu kachukia kwelikweli, anataka kuchomoa funguo. Abiria wameanza kupiga kelele, konda wangu ni kijana, damu inachemka, anataka kushuka. Nikamwambia konda kaa. Nikafungua mlango taratibu, nikamwambia mzee "shikamoo". Akasimama. Akaitikia marahaba, kwa hasira lakini akaitikia. Nikamwambia baba nisamehe, nimekuziba kweli, tusogeze magari pembeni tusizibe watu. Akaniangalia, akaniambia "mtaua watu nyinyi", akarudi kwenye gari lake. Gari zima likanyamaza mpaka tunafika. Kwa hiyo mleta mada mimi nilishuka na ilisaidia, inategemea na mtu uliyekutana naye.

---
Mdau wa Buguruni

Mkuu wa daladala umeongea ukweli, mabosi nao wasikie.

Mimi cha kwangu ni bodaboda. Mandela Road, nimewasha indiketa ya kulia kitambo tu, boda akapita huko huko kulia akajigonga ubavuni akaanguka. Hakuumia sana, alichubuka goti. Lakini ndani ya muda mfupi wenzake wameshajaa, hawajui nini kimetokea, wanapiga bodi, mmoja kashika jiwe, wanataka hela ya matibabu na ya pikipiki hapo hapo. Aliyeniokoa ni mmama muuza matunda aliyekuwa anaona, akapaza sauti "huyu kijana ndo kamfuata mwenye gari". Nikawaambia twendeni polisi wote, majeruhi apande gari langu apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali. Mwenye goti akakubali, waliobaki wakapungua wenyewe waliposikia polisi. Ushauri wangu, usitoe hela pale mbele ya kundi, ukitoa kwa mmoja wote wanadai. Na kama unaona kabisa wanataka kukuua ondoka, ila nyoosha moja kwa moja kituoni ukaripoti, usipitie popote, maana ukionekana umekimbia umejimaliza.

---
Boda wa Mwenge

Tunajaa kwa sababu wenzetu wengi wanagongwa na gari linasepa, mtu anabaki na mguu uliovunjika na pikipiki ya mkataba inadaiwa. Jiwe siungi mkono. Ila na nyie acheni kutubana kwenye kingo makusudi, nimeshasukumwa na mtu wa V8 amewasha hazadi tu, hata kiongozi siyo.

---
Lori, njia ya Tunduma

Huko mjini mnatishana, huku kwetu hasira inaua. Mimi nimebeba mzigo, nashuka Kitonga na gia nzito, pembeni korongo. Nyuma basi anapiga fulu nimpishe, na basi sheria inamwambia mwisho 80, na VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inamuona, bado anakimbizana na mwenzake. Kwenye kona sipishi mtu. Naweka indiketa ya kulia, maana yake tulia kuna gari inakuja. Nikiona mbele peupe naweka ya kushoto, pita ndugu. Mara nyingi anapita anapiga honi ya asante.

Hatari kwetu ni hawa wa magari madogo. Ukimchelewesha kwenye mlima anachukia, akishapita anakuja mbele yako anakanyaga breki akukomeshe. Ndugu yangu, mi nina tani zaidi ya ishirini mgongoni, breki za upepo zimeshapata moto, nitasimamaje? Kuna mmoja alinifanyia hivyo jirani na Ruaha Mbuyuni, niliingiza tairi za kushoto kwenye vumbi ili nisimpande, tingo wangu akaanza kusali kwa sauti. Ndani ya lile gari siti ya nyuma kulikuwa na watoto, niliwaona wamegeuka wananiangalia. Nawaomba sana, lori usilifanyie hivyo hata kama dereva wake kakutukana.

---
Mleta mada

Mkuu wa lori hiyo ya watoto imenigusa sana, kesho nawasomea ofisini. Dereva wa G/Mboto nimekuelewa, umeshuka ukiwa na maneno, siyo ngumi, hiyo naiafiki. Swali kwa wenye kamera za kwenye kioo, ukipeleka video polisi au bima wanaipokea? Mi nina bima kubwa ila rafiki yangu mwenye ile ndogo, inayolipa uliyemgonga tu, alikwanguliwa mlango na mtu aliyekimbia, gari lake akatengeneza mwenyewe, na namba hakuwahi kuisoma. Na wa Arusha na Mwanza mbona kimya, huko kwenye kiplefti hali ikoje?