Kusoma risala mbele ya Mkuu wa Wilaya: mikono inatetemeka, pumzi inakata. Nifanyeje?

Katibu_Kusini (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Kusini, tunakusanya ufuta na korosho. Wiki mbili zijazo Mkuu wa Wilaya anakuja kufungua ghala letu, na bodi imeniteua kusoma risala. Nimepewa dakika saba. Rasimu niliyonayo ni kurasa nne za A4, herufi saizi 12.

Shida zangu: nikishika karatasi mbele ya watu mikono inatetemeka mpaka inaonekana, pumzi inaniishia katikati ya sentensi, na nikifika kwenye takwimu ulimi unagoma. Shughuli ni ya nje, chini ya turubai, na spika ni za kukodi. Maneno ya kutiana moyo nimeshapewa ya kutosha, naomba vitu vya kufanya. Je, nikariri yote?

Mzee_wa_Risala
Usikariri, mkuu. Risala ni waraka. Ukimaliza kusoma, nakala inakabidhiwa kwa mgeni rasmi, naye atakujibu hoja kwa hoja akiwa ameishika. Ukikariri ukaruka aya, ulichosema na alichoshika vitapishana mbele ya umati. Kariri salamu, sentensi mbili za kwanza na ile ya kufunga, basi. Tetemeko huwa kali zaidi dakika ya mwanzo, na hapo ndipo macho hayaoni vizuri kilichoandikwa.

Tuje kwenye hesabu. Kurasa nne za saizi 12 ni kama maneno 1,400. Ukisoma kwa mwendo ambao mkulima aliyekaa nyuma anaufuata, maneno 100 hivi kwa dakika, hizo ni dakika 14, na wewe una saba. Pumzi yako haina ugonjwa wowote, unakimbizana na saa tu. Shusha hadi maneno 600, kwa sababu dakika nzima italiwa na itifaki na makofi.

Pa kukata panajulikana: historia ya chama. Watu huandika ukurasa mzima kuanzia mkutano wa kwanza wa waanzilishi, mgeni anaangalia simu. Sentensi mbili zinatosha: chama kilianza lini, kina wanachama wangapi. Kisha ghala limegharimu kiasi gani na fedha zimetoka wapi, mmekwama wapi, mnaomba nini. Maombi yasizidi matatu. Ukiomba kumi, atalishika lililo jepesi na barabara yenu itabaki vilevile.

Sasa lugha. Risala nyingi zina sentensi kama hii: "Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio yaliyotajwa hapo juu, chama bado kinakabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo ubovu wa barabara itokayo barabara kuu hadi ghalani, hali inayosababisha magari kushindwa kufika kipindi cha mvua." Hakuna mapafu ya kuimaliza hiyo. Isitoshe, msikilizaji hana "hapo juu". Isome hivi:

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, barabara ya kufika hapa ni mbovu. / Mvua ikinyesha, magari hayafiki. / Ufuta unalala nyumbani kwa mkulima.

Kila mkwaju (/) ni pumzi moja. Weka mikwaju hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye nakala yako ya kusomea, na sentensi yoyote inayozidi maneno 18 ivunje.

Takwimu ziandike kwa maneno. Jicho likikutana na 47,850,000 linaanza kuhesabu sifuri, mdomo unasubiri, na ukimya huo ndio unaokutia hofu. Andika "milioni arobaini na saba, laki nane na elfu hamsini". Bora zaidi, mdomoni sema "karibu milioni arobaini na nane" na tarakimu kamili ziwe kwenye jedwali, mwisho wa nakala ya mgeni. Tarehe nazo vivyo hivyo.

Majina ya itifaki yaachie nafasi wazi, uyajaze kwa kalamu asubuhi ya shughuli baada ya kuhakikisha na MC. Kumsalimu Mheshimiwa Diwani ambaye hakuja kunaleta minong'ono kabla hujaanza.

FundiSpika
Naongezea upande wa vyombo, maana spika za kukodi huharibu hotuba nzuri kuliko hofu.

Fika kabla wageni hawajakaa, panda ujaribu maiki kwa kusoma aya moja kwa sauti utakayoitumia. Usiipulize wala kuigonga, na "helo helo" haimsaidii fundi kupanga sauti yako. Simama pale utakaposimamia siku hiyo. Ukiwa mbele ya spika, maiki inasikia sauti yake yenyewe ikitoka kwenye spika, inairudisha tena, na ndiyo ile filimbi inayotoboa masikio. Spika ziwe mbele yako, zimegeukia watu.

Maiki ya mkononi ishike kwenye mpini. Wanamuziki wanaoziba kichwa chake kwa kiganja wasikudanganye: maiki hizo zimeundwa kupokea sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma, ukiziba unaua kazi hiyo na filimbi inarudi. Umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, imelala kidogo chini ya kidevu ili "p" na "b" zisipige pu pu. Ukigeuza kichwa, maiki nayo igeuke.

Kwa kuwa unasoma, omba stendi. Mkono mmoja wa karatasi na mwingine wa maiki ni chanzo kingine cha kutetemeka. Nje kuna upepo, kwa hiyo omba na sponji ya kuvika maiki. Kama ni maiki isiyo na waya, betri ziwe mpya siku hiyo hiyo, na simu yako mwachie mtu.

Sauti_ya_Tumbo
Mikono: mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, misuli inakaza, mate yanakauka, moyo unakimbia. Huwezi kuizuia kwa kujikemea, unaweza kuipunguzia nafasi. Karatasi moja laini hukuza tetemeko dogo likaonekana na mtu wa mwisho. Weka kurasa kwenye faili gumu la matundu mawili, lilaze kwenye kiganja, kiwiko kikigusa ubavu. Usitumie mifuko ya plastiki kwenye hilo faili, mwanga wa nje utarudi machoni. Saizi 16 au 18, mistari imeachana, maandishi yaishie theluthi mbili za ukurasa ili kidevu kisizame kifuani. Aya isivuke ukurasa.

Pumzi: dakika tano kabla ya kuitwa, ukiwa umekaa, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita hadi nane, mara kumi hivi. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Mabega yasipande, tumbo ndilo litoke. Kahawa iache asubuhi hiyo, kunywa maji yasiyo ya baridi kwa mafundo madogo.

Natofautiana kidogo na Mzee: kukariri mwanzo na mwisho hakutoshi. Inabidi macho yatoke kwenye karatasi mwishoni mwa kila hoja pia. Soma kimoyomoyo maneno manne ya mwisho, inua kichwa, yaseme ukimtazama mtu. Kidole gumba kibaki kwenye mstari. Wengi huinua kichwa katikati ya sentensi, wakirudi wamepotea. Na usiiache sauti ife mwishoni, maana "hayafiki" ikimezwa, watu wamesikia "magari" tu.

Mazoezi ni kwa kusimama na kwa sauti. Kusoma kimya kitandani hakuhesabiki. Jirekodi kwa simu, mara moja kwa siku, ukisikiliza kitu kimoja tu: leo kasi, kesho miisho ya sentensi. Kwa walioko Dar au Nairobi kuna klabu za Toastmasters za kujifunza kuhutubia, ambako hotuba ya dakika tano hadi saba huwashiwa taa ya kijani dakika ya tano, ya njano ya sita, nyekundu ya saba. Wewe mpe mtu kadi tatu za rangi hizo, inatosha.

Katibu_Kusini
Shukrani sana wakuu. Swali moja: ratiba ikichelewa, MC huja kunong'ona "fupisha, dakika tatu". Hapo?

Mzee_wa_Risala
Hilo lipange leo. Weka alama ya nyota pembeni mwa aya tano: itifaki fupi, gharama za ghala, na maombi matatu. Jumla maneno 250, na izoee kama risala ya pili. Ukiambiwa fupisha, sema: "Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala kamili tutakukabidhi. Kwa ruhusa yako nitasoma maeneo machache." Kisha fuata nyota. Usiongeze kasi, na usimlalamikie MC kwenye maiki.

Na nakala ya mgeni isiwe ile yenye mikwaju nyekundu. Chapa tatu safi: yake, ya msaidizi wake, na ya faili la chama.