Pua ya mtoto imeziba: ninunue cha kufyonza kamasi au mashine ya mvuke?

Mama Feisal
Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Mtoto ana mafua, usiku hatulali. Nina elfu tatu tu. Duka la dawa wananiambia nichukue kile kibofu cha mpira cha kufyonza kamasi, shoga yangu naye ashikilia mashine ya kutoa mvuke. Kuna pia kile chenye mrija, mzazi unavuta kwa mdomo. Nichukue kipi?

Bi Kibokoni
Waalaykum salaam. Wa umri gani? Ana homa? Anyonya? Hujatwambia lolote mwanangu, wataka tukupigie ramli?

Baba Mapacha
Cha mrija. Kile kibofu hakioshiki ndani. Nilikipasua kimoja kwa kisu nikakuta ukungu mweusi umejaa. Cha mrija kinafunguka chote, na kamasi hazikufikii mdomoni, kuna kichujio. Ila kwanza tia matone mawili matatu ya maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu, ngoja zilainike. Ukivuta pakavu utamuumiza bure.

Shangazi Likoni
Vifaa vya nini! Nyanya zetu walikuwa wakizifyonza kwa mdomo na kutema, basi. Mpake habasoda kifuani, mfukize ubani kidogo, mlambishe na asali.

Nesi Mstaafu
Shangazi, kwa asali sinyamazi. Chini ya mwaka mmoja hata tone asipewe: yaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi. Ubani nao ni moshi, utamzidishia kikohozi. Na zile dawa za kupaka zenye kafuri, ngojeni afike miaka miwili.

Shangazi Likoni
Sisi tumelelewa kwa ubani na tu hai.

Bi Kibokoni
Wasio hai watakuja kusema hapa, Shangazi?

Umm Hanan Kisauni
Mashine ya mvuke niulizeni mimi. Muuzaji alinisifia mpaka nikaona haya kutoinunua. Chumba chetu dirisha dogo, na hewa ya Mombasa yenyewe ni maji. Chumvi haitoki kichupani. Wiki haikuisha, shuka zina unyevu, ukuta nyuma ya kitanda umeota ukungu, mtoto apiga chafya upya. Tena tangi lataka kusuguliwa na kubadilishwa maji kila siku, na kwetu mfereji watoa maji upendapo, nikawa nanunua ya mkokoteni. Kuirudisha dukani naambiwa ikishatiwa maji hairudi! Kitu cha bara hicho, kwenye baridi kavu.

Baba Mapacha
Bara gani? Nairobi mwezi wa saba ni manyunyu tu.

Umm Hanan Kisauni
Mimi nasema ya Kisauni, wewe wanipeleka Nairobi.

Mama Feisal
Ana miezi minne jamani. Homa hana. Anyonya, lakini akivuta kidogo aachia analia.

Nesi Mstaafu
Aachia kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua pua ikiwa imeziba. Msafishe kabla ya kunyonya, ukimsafisha akishanyonya aweza kutapika. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, usimpe maji wala chai ya tangawizi, wala dawa za kikohozi za dukani. Akitulia mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa miezi yake zikifika 50, au mbavu zikibonyea ndani akivuta hewa, au akikataa ziwa kabisa, hospitali usiku huohuo. Kama hakuna hayo, mafua yataondoka yenyewe wiki moja hadi mbili, kikohozi chaweza kuchelewa zaidi.

Mwinyi wa Kuze
Kikohozi kikigoma muangalieni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kuna mzee hukikata.

Nesi Mstaafu
Hapana Mwinyi! Kimio hakileti kikohozi. Nimepokea wodini watoto waliokatwa, damu haikomi.

Mwinyi wa Kuze
Mimi nilikatwa.

Bi Kibokoni
Na tumbaku wavuta bado.

Mama Feisal
Cha mrija chapatikana Mwembe Tayari, au hadi Nyali?

Shangazi Likoni
Umm Hanan, hiyo mashine yako bado unayo? Njoo faraghani tuongee bei.