Nanunua fleti Uingereza, dalali ananisukumia wakili wake. Nikubali?

Mwananjia
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Uingereza ambao mmeshapita njia hii.

Niko Reading, ni muuguzi. Ofa yangu ya fleti ya vyumba viwili imekubaliwa kwa £285,000. Tangu siku ile dalali hanipi nafasi ya kupumua: anataka nimchukue wakili "wao" wa kuhamisha umiliki, eti mambo yatakwenda chap na muuzaji atakuwa na imani na mimi. Bei ya huyo wakili ni £650. Mwingine, ambaye mfanyakazi mwenzangu alimtumia, ana ofisi hapa mjini na ameniambia £1,450 pamoja na VAT, gharama za upekuzi (kukagua kumbukumbu rasmi za nyumba na eneo lake) mbali. Kwangu hiyo tofauti si ndogo.

Niongeze mambo ambayo huenda yana maana. Fleti ni ya umiliki wa muda, mkataba umebakiza miaka 82. Kianzio changu ni akiba yangu, pesa ya mchezo tunaocheza akina mama hapa, na kaka yangu ananichangia baada ya kuuza kiwanja chake Kibaha. Ndiyo nyumba yangu ya kwanza huku, kwa hiyo dalali kaniambia ushuru wa stempu (kodi ya kununua nyumba) sitalipa hata senti.

Nalazimika kumchukua wakili wa dalali? Na nikiamua kufanya mwenyewe bila wakili kuna shida gani? Nawasilisha.

Nahodha77
Dada, wakili wa nini tena? Bongo tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, mnasaini, kesho unahamia. Hiyo hela nunua sofa.

KobeMzee
Nahodha, ndiyo maana mabaraza ya ardhi hayakauki watu 😀

Mwananjia, hakuna sheria inayokukataza kufanya mwenyewe. Kinachokubana ni mkopo. Benki haitoi pesa mpaka kuwe na wakili anayelinda maslahi yake, na wakili huyo awe kwenye orodha ya benki hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, waulize wote wawili kama wamo kwenye orodha ya mkopeshaji wako. Asipokuwemo, benki inaweza kuweka wakili wake na bili ikaja kwako, ukajikuta unalipia wawili.

Kuhusu dalali: hawezi kukulazimisha. Anakusukuma kwa sababu mara nyingi anapata kamisheni kwa kila mteja anayempeleka. Kamisheni si haramu, ila inapaswa kuwekwa wazi. Mwandikie barua pepe fupi tu: "Unapata kiasi gani nikimtumia wakili huyu?" Kisha kumbuka dalali analipwa na muuzaji, na hana cha kupata ununuzi ukivunjika. Wewe unataka wakili ambaye akikuta tatizo hataona haya kukuambia "usinunue".

Angalia pia kama wamesajiliwa: solisita yuko chini ya Solicitors Regulation Authority, na wale wenye leseni ya kuhamisha umiliki peke yake wako chini ya Council for Licensed Conveyancers. Wote wanafaa. Majina unayakagua mtandaoni bure.

Shangazi_wa_Leeds
Mwanangu, hiyo £650 omba mchanganuo wake kabla hujaishangilia. Mdogo wangu alipewa bei ya namna hiyo, barua ya masharti ilipokuja ikawa na mkia: nyongeza ya umiliki wa muda, nyongeza ya kuwakilisha benki, ada ya kujaza fomu ya ushuru, ada ya kuthibitisha kitambulisho, ada ya kutuma pesa siku ya mwisho, na ada nyingine kwa kila mtu aliyemchangia kianzio. Ilipojumlishwa ilikuwa inakaribia ile ya ofisi ya mjini. Na kila akipiga simu anapokea mtu mpya, anaanza kusimulia upya.

Waambie wote wawili wakuandikie jumla moja: ada yao, VAT, upekuzi, ada ya Land Registry (ofisi ya usajili wa ardhi), kila kitu. Uliza na nani hasa atashika faili lako, na ununuzi ukivunjika utadaiwa nini.

Bibi_Hesabu
Mimi nimesimama kwenye sentensi moja tu: "nyumba yangu ya kwanza HUKU". Nyumbani Tanzania una nyumba?

Mwananjia
Ninayo Morogoro, bibi. Niliinunua kwa mzee mmoja ikiwa imeshajengwa, wazazi ndio wanakaa. Thamani yake haifiki £30,000. Ina uhusiano?

Bibi_Hesabu
Ina uhusiano mkubwa sana, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia.

Msamaha wa ushuru wa mnunuzi wa kwanza Uingereza ni wa mtu ambaye hajawahi kumiliki makazi popote duniani. Popote. Morogoro imo. Hata ukiwa umeshaiuza imo. Hata ya kurithi imo. Kwa hiyo dalali alivyosema sivyo.

Tupige hesabu kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025. Mnunuzi wa kwanza kwa £285,000 analipa sifuri, kwa kuwa msamaha unafika £300,000. Asiye wa kwanza: £125,000 za mwanzo hazitozwi, £125,000 zinazofuata ni 2%, yaani £2,500, na £35,000 zilizobaki ni 5%, yaani £1,750. Jumla £4,250.

Kuna la tatu. Ukinunua huku bado una makazi mengine, unatozwa 5% ya ziada kwa bei yote, na nyumba za nje zinahesabiwa. Kwako ingekuwa £14,250 juu ya zile, jumla £18,500. Kinachokuokoa ni kwamba nyumba ya pili haihesabiwi kwenye nyongeza hiyo kama sehemu yako ina thamani chini ya £40,000. Kwa unavyosema, ya Morogoro iko chini. Tafuta tathmini ya maandishi, usiende na makisio ya kichwani.

Kama una mume, hata kama jina lake halimo kwenye ununuzi, nyumba zake nazo zinaangaliwa kwenye ile nyongeza. Fomu ya ushuru na malipo yake vinatakiwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha, yaani siku unayomaliza kulipa na nyumba kuwa yako. Wakili anajaza, lakini anayesema ukweli au uongo ni wewe. Mweleze wakili habari ya Morogoro siku ya kwanza.

Mwananjia
Bibi, umenifanya nikae chini. Mume sina. £4,250 sikuwa nimeziweka kwenye bajeti kabisa.

Nahodha77
Na mwenye kiwanja kitupu tu Bunju, bado hajajenga?

Bibi_Hesabu
Kiwanja kitupu si makazi. Ukishaanza kujenga, habari nyingine, mweleze wakili ilipofikia apime mwenyewe. Usijiamulie.

KobeMzee
Turudi kwenye miaka 82. Umiliki wa muda ni kama hati zetu za miaka 99, ila huku anayemiliki ardhi mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni, na anakudai: pango la ardhi, pamoja na ada ya huduma ya jengo.

Kwa utaratibu wa miaka yote, mkataba ukishuka chini ya miaka 80 gharama ya kuurefusha inapanda, kwa kuwa mwenye ardhi anadai mgawo wa thamani inayoongezeka. Sheria ya 2024 imepitishwa ili kuufuta mgawo huo, lakini kupitishwa ni jambo moja na kuanza kutumika ni jingine. Muulize wakili kifungu hicho kimefikia wapi. Jambo jema ni kwamba tangu Januari 2025 huhitaji tena kusubiri miaka miwili ya umiliki ndipo udai kurefushiwa.

Pango la ardhi nalo alisome kwa makini. Mikataba mipya ya kuanzia tarehe 30 Juni 2022 karibu yote haina pango la kudai, lakini wako ni wa zamani, haumo. Ipo mikataba ambayo pango linaongezeka mara mbili kila baada ya miaka kadhaa, na benki nyingi zinaikimbia.

Ada ya huduma: aombe hesabu za miaka 3 iliyopita, na aulize kama kuna matengenezo makubwa yanakuja. Paa likibadilishwa mwaka kesho, atakayelipa ni wewe na majirani zako. Hapa ndipo utaona kama £1,450 zina kazi au la. Na wakili haendi kuiangalia nyumba! Nyufa na unyevu ni kazi ya mkaguzi wa majengo. Tathmini ya benki ni ya benki, usiitegemee.

Shangazi_wa_Leeds
Mimi niseme la pesa, maana ndilo litakalokuchelewesha kuliko yote. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inamtaka wakili ajue kila pauni imetoka wapi. Andaa taarifa za benki za miezi sita, na mishahara.

Kaka: barua kwamba ni zawadi, hakudai na hana fungu kwenye nyumba, nakala ya pasipoti yake, mkataba wa mauziano ya kiwanja, na taarifa ya benki yake inayoonyesha pesa ikiingia kutoka kwa mnunuzi kisha ikitoka kuja kwako. Asikutumie vipande vipande kwa watu watatu tofauti kwa sababu viwango vya kutuma ni nafuu. Aitume benki kwa benki, kwa jina lake. Na benki inayokukopesha nayo ijulishwe kuhusu zawadi.

Mchezo: hapa wakili wa Kiingereza atakukodolea macho. Mwandikie ukurasa mmoja namna mchezo unavyokwenda, katibu asaini orodha ya zamu, na uonyeshe kwenye taarifa zako ukilipa kila mwezi kabla ya kupokea. Kama mlikuwa mnapeana taslimu mkononi, muulize mapema kama ataikubali, kabla hujailipa popote.

Mti_Mkavu
Mimi niko upande wa kuuza, fleti pia, Luton. Nikupe siri ya huku: kinachochelewa si wakili peke yake. Taarifa za jengo zinatoka kwa kampuni inayosimamia, inatoza ada na haina haraka. Mwambie dalali amhimize muuzaji aziombe SASA, hapo ndipo atapata nafasi ya kuonyesha hiyo haraka anayoihubiri.

Fomu ya TA6 ambayo muuzaji anajaza maelezo ya nyumba, isome mwenyewe mstari kwa mstari. Kuna swali la ugomvi na majirani. Muuzaji akidanganya unaweza kumshtaki, lakini kuishi juu ya mtu anayepiga ngoma saa nane usiku hakuponywi na mahakama.

Na ofa kukubaliwa si mkataba. Mpaka mbadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kumpa mwingine aliyepanda bei, na wewe unaweza kuondoka. Mkishabadilishana umefungwa, kianzio cha 10% kwa kawaida kiko hatarini ukirudi nyuma.

KobeMzee
Nyongeza fupi. Akaunti ya wakili ichukue siku ya kwanza, ikiwezekana ofisini kwake. Ikija barua pepe kwamba "tumebadilisha akaunti", usitume kitu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wezi wanavizia siku ya malipo. Na usikubali kukamilisha Ijumaa kama unaweza kukwepa, pesa ikikwama unalala na mizigo mpaka Jumatatu.

Mwananjia
Nashukuru sana wote. Nimeongea na wakili wa mjini leo. Yuko kwenye orodha ya benki yangu. Nilipomtajia Morogoro aliuliza maswali yaleyale ya bibi, na mchezo amesema ataupokea mradi uwe umepita benki, nao ulipita. Wa £650 nimemwomba mchanganuo, amejibu "utaupata ukishasaini". Dalali nimemwuliza kamisheni, hajajibu, ila amepunguza simu.

Nahodha77
Sawa nimeelimika. Swali la mwisho: shemeji yangu anataka kununua Glasgow, haya yote ni hivihivi?

Bibi_Hesabu
Hapana. Scotland wana sheria yao, ushuru wao na mawakili wao. Hata Wales ushuru ni mwingine, na msamaha wa mnunuzi wa kwanza haupo kabisa. Mwambie shemeji afungue uzi wake.