MREJESHO: Seli kuvuja kwenye mashine ya kiyeyushi chenye presha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hivi: kwenye mashine hii inayotoa kemikali ndani ya sampuli kwa kiyeyushi cha moto chenye presha, kwa nini presha ndani ya seli (mikebe ya chuma ya kuwekea sampuli) inashuka kutoka psi 1,500 (kipimo cha presha) kila oveni ikifika nyuzijoto 100, sampuli zikiwa udongo wa shambani. Aliyesema nianze na oringi (pete za kuzuia kuvuja) za vizibo vya seli alipatia kabisa: moja ilikuwa imekakamaa na kuchanika pembeni, na chembe za mchanga zimenasa kwenye nyuzi za kukazia kizibo. Nimebadilisha, nikasafisha kwa brashi, sasa presha inatulia dakika zote 5 za kuloweka sampuli. Udongo mbichi nauchanganya na unga wa daiatomu (unga mkavu unaofyonza maji), haugandi tena kama tope.

Kuongeza naitrojeni, gesi inayosukuma kiyeyushi kitoke kwenye seli, hakukusaidia: seli mbili bado zinabakiza kiyeyushi. Nahisi vichujio vyake vya chuma vimeziba, nimeagiza vipya. Asanteni sana, mmeniokolea sampuli.