"Delay" na "setback": je, ni visawe kweli?

Mwandishi wa barua, Njiro, Arusha (swali)

Ndugu zangu, ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa Kiingereza. Kazi yangu ni kuwaandikia wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro na kutembelea hifadhi za kaskazini, na barua zangu nyingi zinahusu mambo yaliyokwenda kinyume cha ratiba: ndege haijatua KIA, kibali hakijatoka, gari limekwama. Wakati wa masika, gari lililokuwa likiwarudisha vijana wawili kutoka Ziwa Eyasi lilizama matopeni kwa saa tatu, nami nikawaandikia wazazi wao waliokuwa wakiwasubiri Karatu. Kwa kuwa nilikwisha kulitumia neno "delay" mara mbili katika ujumbe uleule, na shuleni tulifundishwa tusirudierudie neno, nilifungua orodha ya visawe kwenye simu, nikachagua "setback", nikaandika kwamba safari ya vijana imepata "a serious setback". Haikupita robo saa, mama yao akapiga simu huku akilia, akitaka kujua ni yupi kati yao aliyeumia.

Orodha ile imeyapanga pamoja "delay", "setback", "hold-up", "hitch", "obstacle" na "postponement". Kama kweli ni visawe, kwa nini mojawapo limtie mzazi hofu kiasi hicho? Nimekwisha kumwomba radhi, lakini nisingependa kumtesa mtu mwingine kwa kosa lilelile.

Mfasiri, Sakina, Arusha

Pole sana, ndugu yangu. Orodha za visawe hukusanya maneno yanayokaribiana, lakini hazielezi kila neno linagusa kitu gani. "Delay" linagusa muda peke yake: jambo litafanyika, ila baada ya saa iliyotarajiwa. "Setback" limeundwa kwa "set" na "back", yaani kuweka na nyuma, na ndani yake kwa kawaida yupo mtu aliyekwisha kupiga hatua kisha akarudishwa alikotoka. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, homa ikamrudia, huyo amepata "setback". Gari lililokwama halikupoteza chochote isipokuwa saa tatu. Mama yule alilisoma neno lako kama linavyosomwa katika habari za wagonjwa, na "serious" likaizidisha hofu yake.

Ninakuonya zaidi kuhusu "hold-up". Kwa Mwingereza aliyeko barabarani linaweza kumaanisha foleni tu, lakini neno hilohilo ni jina la unyang'anyi wa kutumia silaha. Ukimwandikia mgeni ambaye hajawahi kufika Afrika kwamba kulikuwa na "a hold-up on the road", unaweza kumnyima usingizi usiku kucha. "Hitch" halina hatari hiyo, ni hitilafu ndogo inayotatuliwa upesi, na lingefaa kwa kibali kilichokosewa jina.

"Postponement" ni habari nyingine kabisa. Asili yake ni Kilatini, "post" likiwa baada na "ponere" likiwa kuweka, nalo linadai awepo mtu aliyeamua. Ndege inaweza kuchelewa kwa sababu ya ukungu pasipo mtu kutaka, bali mkutano huahirishwa na mwenye mamlaka nao. Tofauti hiyo tunayo tayari katika kuchelewa na kuahirisha, ndiyo maana mimi huanza kwa kujiuliza ningesema nini kwa Kiswahili kabla sijalitafuta neno la Kiingereza. Katika mahakama za kimataifa zilizo hapa Arusha utasikia pia "adjourn", ambalo limebeba neno la Kifaransa la siku, "jour", kwa kuwa zamani lilikuwa na maana ya kumpangia mtu siku ya kufika.

Mwalimu wa sekondari, Moshi

Ninakubaliana na mfasiri, na ninaongeza kuhusu "obstacle", kwa sababu wanafunzi wangu hulichanganya na "delay" kila mwaka. Katika Kilatini chake ni kitu kilichosimama mbele yako. Ndugu yake "impediment" ametokana na neno la mguu, "pes", na maana ya awali ilikuwa kufungwa miguu. Tazameni jinsi Kiswahili kilivyopita njia iyo hiyo: kikwazo kinatokana na kukwaa, mguu unapogonga kisiki. Maneno haya yanataja kitu kinachozuia, wala hayataji muda unaopotea. Matope ya Eyasi yalikuwa "obstacle", na zile saa tatu ndizo zilizokuwa "delay".

Kuhusu kanuni ya kutorudia neno, ninasema kwa dhati kwamba sisi walimu tunapaswa kuieleza vizuri zaidi. Inafaa katika insha, ambamo msomaji anafurahia msamiati. Katika taarifa inayomhusu mtoto wa mtu, ukibadilisha neno, msomaji anadhani jambo lenyewe limebadilika. Ulipaswa kuandika "delay" hata mara nne.

Mwongoza watalii, Marangu

Nami nina ombi kwa wote wanaoandika ratiba. Wageni wa njia ya Marangu wenye siku sita hulala kambi ya Horombo usiku mmoja zaidi kabla ya kupanda Kibo, ili miili izoee upungufu wa hewa, kwa maana pale ni takriban mita 3,700 na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Nimewahi kupokea kundi ambalo karatasi yao iliiita siku hiyo "delay", na jioni nzima walinidai maelezo ya kwa nini walipie siku iliyopotea. Siku hiyo haijapotea, kwani imepangwa tangu mwanzo kwa ajili ya usalama wao. Neno lake ni "acclimatisation", na kama ni gumu, andikeni tu kwamba ni siku ya kuzoea mlima.

Mwandishi wa barua, Njiro, Arusha

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimeandika upya kielelezo chetu: kwanza kwamba wasafiri wote wako salama, kisha "a three-hour delay", kisha sababu, kisha saa ya kufika. Nimebaki na jambo moja. Mgeni kutoka Uingereza ameniandikia kwamba anataka mkutano wetu wa maandalizi "put back one hour". Ulikuwa saa nne asubuhi. Je, anataka saa tatu au saa tano?

Mfasiri, Sakina, Arusha

Anataka saa tano. Mkutano ukiwa "put back" umesogezwa mbele kwa maana yetu, yaani utafanyika baadaye, na kinyume chake ni "brought forward". Hata hivyo saa ya ukutani ikiwa "put back" mshale unarudishwa nyuma, na hapo ndipo hata wenyeji wa lugha hiyo hukosana. Mjibu kwa kuandika "11 a.m." pamoja na tarehe, na umwombe athibitishe.