Niapgredi hii PC ya gemu au nijipange ninunue nyingine?

Wakuu naombeni ushauri. PC yangu ni prosesa i5-4460, ramu 8GB za DDR3, kadi ya grafiki GTX 1060 ya 6GB na hard disk ya kawaida, gemu za zamani inacheza freshi ila hizi mpya inakwamakwama hasa ukiingia mjini penye watu na magari mengi, nawaza nibadilishe kadi ya grafiki tu lakini naogopa kutupa hela. Mngefanyaje?

Jibu:
Kadi subiri kwanza mkuu. Washa MSI Afterburner (programu ya kuonyesha prosesa na kadi zinafanya kazi kiasi gani), cheza palepale panapokwama uangalie namba, kama prosesa iko 100% na GPU (kadi ya grafiki) inazubaa kwenye 60% basi tatizo ni prosesa, hiyo i5 ina kori 4 na thredi 4 tu (yaani kazi 4 kwa wakati mmoja). Shusha resolusheni pia, FPS (picha kwa sekunde) zisipopanda jibu umepata, ni prosesa.

Jibu:
Naongezea, prosesa i7-4770 nayo inakaa kwenye soketi LGA1150 kama hiyo yako na ina thredi 8, tafuta iliyotumika, ramu zifike 16. Zaidi ya hapo mimi nisingeweka hata senti maana DDR3 haiingii madabodi za sasa, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025 na hiyo prosesa Windows 11 haiitambui rasmi.

Jibu:
SSD ya SATA (diski ya kasi badala ya hard disk) nunua tu, hiyo utahama nayo. Ila pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme kwenye PC) kama ni ya miaka yote hiyo usiibebe kwenye mashine mpya aisee, ikifa inaweza kuondoka na vingine.